Chuma Kinacholia Kina Njaa

Kuna watu wakisikia fundi umeme ni mwanamke, swali lao la kwanza ni hili: nani anamshikia ngazi? Basi niwajibu mapema tumalizane. Shamsia Faridu hupanda ngazi yake mwenyewe, na ya kwako atakushikia ukimwomba kwa adabu. Ukimwomba kwa dharau atakuacha huko huko juu, aende zake kunywa chai.

Siku ninayotaka kuisimulia ni ile winchi ya Nyamwaga iliposimama katikati ya safari, kinu cha kusagia mawe kikiwa hewani na wachimbaji wa Genkuru, wenye kinu hicho, wameshika vichwa. Lo, siku ile! Hata sasa nikiisimulia viganja vinatoka jasho. Lakini nikianzia hapo utanipotea, kwa hiyo turudi nyuma kidogo, twende Bomani.

Shamsia alizaliwa Bomani, pale mjini Tarime, katika nyumba ambayo uani kwake palikuwa na kelele kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Baba yake, Mzee Faridu, ni fundi bati. Babu wa mzee huyo ndiye aliyetoka Tanga na nyundo na koleo, akasema hapa anapita tu. Akaoa, akazaa, na mpaka leo anapita, maana kaburi lake liko hapo hapo. Mtoto Shamsia alijua kukata bati kwa mkasi kabla hajajua kujifunga ushungi ukakaa sawa. Akijikata na kulia, baba yake hakuwa mtu wa kubembeleza. "Bati halina ugomvi na wewe," alimwambia. "Umelishika vibaya. Lishike tena."

Maneno hayo yalimkaa. Alipokwenda chuo cha ufundi Musoma kusomea umeme, wenzake waliogopa nyaya, yeye akaziheshimu tu. Aliporudi, umeme ulikuwa umeanza kusambaa vijijini, na kazi zikawa nyingi kuliko mafundi. Akazunguka Nyamwaga yote, nyumba hii na ile, kati ya migomba na mahindi, akitoboa kuta na kuvuta nyaya huku ng'ombe wakimchungulia dirishani. Akipita njiani akina mama walimwita "Mama Taa" hata kabla hajapata mtoto. Hakukasirika. Nani atakasirika kuitwa taa?

Ndipo akaitwa na Agustina Heche. Bi Agustina ndiye mwenye karakana kubwa pale Nyamwaga, njia ya kwenda Genkuru, anakotengeneza mota, pampu na vinu vya wachimbaji wadogo. Ni mama wa miraba minne, ana sauti ya kuita mtu kilima cha pili, na hana subira hata ya kusubiri chai ipoe. Alimchukua Shamsia afunge taa za karakana. Taa zikafungwa, Shamsia hakuondoka. Alikuwa ameinua macho juu akaiona winchi, na pale pale akapenda.

Ambaye hajaingia karakana kama ile nimweleze. Winchi hii haikai chini. Ni boriti nene ya chuma iliyolala juu ya vichwa vya watu kutoka ukuta wa kushoto mpaka wa kulia, magurudumu yake yanatembea juu ya reli, na ndoano inaning'inia katikati. Unabonyeza kitufe, ndoano inashuka, inanyanyua mzigo ambao wanaume wote wa kijiji wasingeutikisa. Unabonyeza kingine, boriti nzima inaondoka na mzigo wake kutoka ukuta wa nyuma mpaka mlangoni kwenye malori. Ukiiona kwa mara ya kwanza utasema mashaallah hata kama hukuzoea kusema.

Sasa jiulize jambo moja. Taa imekaa mahali pamoja, friji imekaa mahali pamoja, waya unazifuata hapo hapo. Hiki kitu kinachotembea kinapataje umeme?

Karakana ya Bi Agustina ilikuwa na jibu la zamani. Waya mnene ulining'inia kwa mafundo mafundo kando ya ukuta, winchi ikienda mbele unanyooka, ikirudi nyuma unajikunja, kama utumbo wa mbuzi kwenye kamba ya mchinjaji. Na ulikuwa unanaswa! Leo umenaswa kwenye kona ya dirisha, kesho umekwanguliwa na bomba la lori. Siku moja ulikatika kwa kishindo, pa! Cheche zikamwagika, na Konstantino, mwendeshaji wa winchi, akaruka nje ya mlango na kukimbia mpaka kwenye migomba ya jirani. Konstantino huyo alitoka Kigoma kuja kutafuta dhahabu, dhahabu ikamkataa, winchi ikamkubali. Ana mdomo mrefu kwa utani, lakini siku ile ya cheche alikuwa bubu mpaka jioni.

Shamsia alichoka kufunga viraka kwenye waya ule. Akamfuata Bi Agustina akamwambia anataka kuutoa kabisa. Badala yake angefunga reli za umeme, fito ndefu za shaba zilizovikwa gamba la plastiki, zipite juu kando ya ukuta kutoka mwanzo mpaka mwisho. Gamba lina uwazi upande wa chini tu, na humo ndimo vinamoteleza vipande vya kaboni vilivyofungwa kwenye winchi. Kaboni inagusa shaba, inachukua umeme, winchi inatembea. Hakuna cha kunaswa wala cha kukatika.

"Fito tupu za shaba, zenye umeme, juu ya vichwa vya watu wangu?" Bi Agustina aliuliza.

"Si tupu, mama. Zimevishwa. Na hazifikiwi na mtu asiyepanda kuzifuata."

Walivutana msimu mzima wa mahindi. Mwisho Bi Agustina akasema, na karakana yote ikasikia maana hajui kunong'ona: "Haya. Funga. Siku ya kubeba kinu cha watu wa Genkuru kikishatengenezwa, winchi ikifika mlangoni na kinu, reli zako zitabaki. Ikishindwa, utazing'oa kwa mikono yako mwenyewe, waya unarudi, na sitaki kusikia tena neno reli maisha yangu yote."

Shamsia akasema inshallah. Rohoni alikuwa anaruka.

Mtu aliyekuwa upande wake tangu mwanzo ni mmoja, Mzee Machage. Huyu ndiye fundi mkongwe kuliko wote pale, Mkurya wa hapo hapo Nyamwaga, mfugaji asubuhi na mtu wa mafuta mchana. Grisi yote ya karakana ilikuwa mikononi mwake. Bearingi, minyororo, magurudumu, bawaba za milango, kila kitu kilichosuguana na kingine alikipaka. Alikuwa na kopo la bati lenye mkono, alilotengenezewa na Mzee Faridu mwenyewe kule Bomani, na hakuenda popote bila kopo lile. Akisikia kitu kinakwaruza husimama katikati ya sentensi, anageuza sikio, anasema, "Chuma kinacholia kina njaa." Kisha anakwenda kukilisha.

"Mama yangu alipaka siagi kibuyu cha maziwa, akatupaka na sisi watoto," alipenda kumweleza Shamsia. "Alisema kitu kisichopakwa mafuta hakina mwenyewe."

"Na mimi nisiyepakwa ila jasho, mzee wangu?"

"Wewe una mwenyewe. Ni mimi."

Ndivyo walivyoishi. Alimwita mwanangu, na hakuwa anatania.

Jioni ya kabla ya siku yenyewe reli zilikuwa zimekamilika. Shamsia akawasha, Konstantino akabonyeza, na winchi ikaondoka. Ikaenda mpaka mlangoni, ikarudi mpaka nyuma, bila mzigo, nyepesi, bila kusita hata kidogo. Shamsia akapiga kigelegele peke yake. Kitu kimoja tu: kaboni mpya ilikuwa inalia. Kiii! Kiii! Na pale katikati ya karakana ililia zaidi, sauti ya kuchoma meno.

"Mwanangu," Mzee Machage akasema, uso umejikunja kama vile anaumwa yeye, "hiyo kitu inateseka."

"Itaacha yenyewe, mzee wangu!" Shamsia alimjibu huku anacheka, anakusanya bisibisi zake, akili tayari iko kwenye kesho. Hakueleza zaidi ya hapo. Furaha nayo ina uziwi wake.

Akatoka. Alikuwa ameshapanda bodaboda, dereva ameshawasha, alipokumbuka hajafunga swichi kuu ya winchi. Winchi ilikuwa imezimwa kwa kitufe, ndiyo, lakini reli bado zilikuwa na umeme. Shamsia ana kufuli lake dogo alilolipaka rangi nyekundu ya kucha, na jina lake amelikwaruza kwa msumari. Sheria yake ni moja: akimaliza kazi, swichi kuu inashushwa, kufuli linatiwa, ufunguo unaingia kwenye pochi yake. Hataki mlinzi, hataki ahadi, anataka kufuli. Akamwambia dereva amsubiri.

"Kurudi njiani ni mkosi, Mama Taa!" Konstantino akampigia kelele kutoka getini. "Unafunga nini huko, ghala la mpunga? Nani atakula umeme?"

"Wewe, kwa ulafi wako," Shamsia akamjibu. Akarudi ndani, akashusha swichi, akafunga kufuli lake, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi, weee! Watu wa Genkuru walifika na lori, na juu ya lori walikuwa wanaimba. Kinu kile kilikuwa riziki yao. Tangu kivunjike walikuwa wakiyatazama mawe yao kama mtu anavyotazama karanga asizo na meno ya kuzitafuna. Wake zao nao walikuja, na majirani, na mtu wa chapati, na walimu wawili waliosema wanapita tu. Hata Mzee Faridu alifika kutoka Bomani, kanzu imepigwa pasi, akasimama karibu na mlango. Shamsia alipomwona akamwendea.

"Shikamoo baba. Hukuniambia unakuja."

"Marahaba. Sikuja kukuona wewe," mzee akasema. "Nimekuja kuona kopo langu kama bado lipo."

Shamsia akafungua kufuli, akapandisha swichi. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Akasema bismillahi, akainua mkono, na Konstantino akabonyeza.

Ndoano ikakaza. Minyororo ikalia kidogo ikanyamaza. Kinu kile, pipa la chuma kubwa kama chumba cha bwana harusi, kikaachana na sakafu, na watu wote wakasema aaah kwa pamoja. Winchi ikaanza kutembea. Kiii, kaboni zikaimba, kiii! Ikapita mashine ya kuchomelea, ikapita rundo la mota, taratibu, kwa heshima, kinu hakiyumbi. Akina mama wa Genkuru wakaanza vigelegele. Shamsia alikuwa anatembea chini sambamba nayo, kando, uso juu, mdomo wazi, anacheka peke yake.

Ilipofika katikati, ule mlio ukakatika ghafla.

Halafu ta, ta, cheche mbili za buluu kule juu, na winchi ikasimama. Kinu kikabaki hewani, juu ya mashine ya kuchonga vyuma, kinazunguka polepole.

"Umeme umekatika!" mtu akapiga kelele.

Lakini taa za karakana zilikuwa zinawaka. Kila mtu akaziona zinawaka. Hapo ndipo mnong'ono ulipoanza, na mwanamume mmoja wa Genkuru, mwenye kofia ya manyoya, akasema kwa sauti: "Mbio za sakafuni." Wenzake wakaguna.

"Kitaanguka!" Konstantino alikuwa ametoa macho. "Mama Taa, kitaanguka!"

"Hakianguki! Toa kidole kwenye kitufe!" Shamsia akapaza sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. "Breki ya winchi inashika mzigo umeme unapoondoka. Umeme usiporudi, haiachii. Watu wote nyuma! Hakuna kupita chini ya kinu, hata kuku!"

Watu wakarudi nyuma. Bi Agustina hakurudi. Alikuja mpaka mbele ya Shamsia, na kwa mara ya kwanza watu walimsikia akisema polepole, na hilo lilitisha kuliko kelele zake.

"Shamsia. Nilikwambia nini?"

"Mama, nipe nafasi nipande nikaangalie."

"Nilikwambia nini?"

"Kwamba nitazing'oa kwa mikono yangu."

"Basi panda. Ukishuka uniambie kama unapanda tena na spana ya kuzing'oa."

Shamsia hakumtazama baba yake. Aliona aibu inampanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Akaenda kwenye swichi kuu, akagusa kwa tesita: umeme upo. Fyuzi nzima. Basi tatizo liko juu, kati ya shaba na kaboni, mahali pale pale alipojisifia. Akashusha swichi, akatia kufuli jekundu, akatia ufunguo pochini, akapima tena kuhakikisha umeme haupo. Ndipo akapanda ngazi ya ukutani mpaka kwenye njia nyembamba inayopita kando ya reli zake.

Alichuchumaa, akamulika tochi kwenye uwazi wa gamba, akainamisha kichwa.

Shaba ilikuwa inang'aa vibaya. Ilikuwa na unyevu mzito wa kahawia, na vumbi la mawe limeganda humo ndani kama sukari kwenye maandazi. Akapitisha kitambaa. Akanusa. Grisi!

Hasira iliyompanda siwezi kuieleza yote hapa, maana watoto watasoma. Kazi ya miezi, jina lake, baba yake pale mlangoni na kanzu yake, na mtu amekuja kupaka grisi kwenye reli za umeme! Grisi haipitishi umeme. Grisi ni blanketi. Kaboni ilikuwa imeteleza juu ya blanketi, ikapapasa, ikakosa pa kushika. Na alijua ni nani. Katika karakana ile nzima, hata ng'ombe wa jirani alijua ni nani. Akavuta pumzi ya kumtaja huyo mtu kwa jina lake lote kutoka kule juu, watu wote wasikie.

Kisha akamulika tena, akaona alama.

Haikuwa alama ya brashi. Ilikuwa mistari minne midogo, sambamba, iliyokwenda vizuri kabisa ndani ya gamba, ufito wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa upendo, bila kuruka mahali. Ilikuwa ni vidole. Mtu alikuwa ameingiza vidole vyake vitupu mle ndani, akapaka shaba polepole kama anayempaka mtoto mafuta.

Tochi ikamtoka mkononi. Ikagonga ngazi, ikaanguka sakafuni, na watu chini wakaruka.

Shamsia akakaa pale juu, akashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Alikuwa anaiona ile jioni. Bodaboda inanguruma. Konstantino anamcheka getini. Na yeye, akiwa mguu mmoja juu ya pikipiki, anawaza: nirudi au nisirudi? Reli zake zikamtoka akilini kabisa, zikawa si kitu.

Alishuka ngazi vibaya, nusura ateleze. Bi Agustina akafungua mdomo, lakini Shamsia akampita. Akampita Konstantino. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mzee Machage, aliyekuwa amesimama karibu na kopo lake.

"Mzee wangu, nionyeshe mikono."

Mzee Machage akainyoosha. Kwenye kucha kulikuwa na ile kahawia.

"Ulipanda lini?"

"Alfajiri, kabla ninyi hamjaja," akasema, bila hata kuficha, maana hakuona cha kuficha. "Ilikuwa inalia, mwanangu. Pale katikati. Nikasema leo ni siku yako kubwa, watu watakuja, kitu chako kisilie mbele ya watu. Nikaipaka vizuri. Brashi haikuingia, nikatumia vidole."

Mafundi wote pale wanajua umeme, hata wasiojua kuufunga. Mmoja baada ya mwingine, macho yao yakahama kutoka kwenye vidole vya mzee mpaka kwenye swichi kuu ukutani, pale kufuli jekundu lilipokuwa linaning'inia. Konstantino akavua kofia yake. Akaishika kifuani.

"Lilikuwa limefungwa hivyo?" Bi Agustina akauliza. "Alfajiri?"

"Lilikuwa limefungwa, mama," Shamsia akasema. "Alhamdulillahi, lilikuwa limefungwa." Na hapo hapo, mbele ya watu wa Genkuru na walimu wawili wapita njia, akaishika ile mikono yenye grisi, akajifunika nayo uso, akalia kwa sauti kama mtoto.

Mzee Machage alichelewa kuelewa. Ukweli ulipomfikia, alikaa chini juu ya rundo la matairi, taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Kumbe leo mngekuwa mnanichimbia kaburi," akasema.

Aliyefuata kusema ni Mzee Faridu pale mlangoni. "Shamsia," akaita, "kinu bado kiko hewani. Kishike tena."

Lo! Nakwambia maneno yale yalimpiga kama maji baridi. Akajifuta uso kwa ushungi, akajipaka grisi shavuni, akageuka kwa Bi Agustina.

"Reli hazina kosa, mama. Zimepakwa grisi. Nipe vitambaa na spiriti."

"Reli," Bi Agustina akasema, akalimeza neno lenyewe kama dawa. "Mpeni vitambaa!"

Mzee Machage akainuka kutoka kwenye matairi. "Nitapangusa mimi."

"Mzee wangu, pumzika."

"Nitapangusa mimi! Aliyemwaga ndiye anayefuta. Mura," akamgeukia Konstantino, akimwita kijana kwa Kikurya, "leta ile petroli, inakata grisi vizuri."

"Petroli!" Shamsia akapiga kelele. "Umenusurika na umeme, sasa unataka kutuchoma wote?" Na kicheko kikalipuka, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi muda mrefu. Hata yule wa kofia ya manyoya alicheka mpaka akashika ukuta.

Wakapanda wote wawili. Shamsia akamwonyesha kufuli kwanza, akampa ufunguo aushike yeye mwenyewe, na mzee akautia mfukoni na kuupigapiga mara kadhaa njia nzima. Wakapangusa ufito mmoja baada ya mwingine, kwa kitambaa kikavu, kisha kwa spiriti, kisha msasa laini, mpaka shaba ikawa nyekundu kama ilivyozaliwa. Kaboni nazo wakazisafisha. Wakangoja spiriti ikauke, na wakiwa wanangoja, Shamsia akamweleza alichopaswa kumweleza jana yake.

"Mzee wangu, ndama wako ukimwachisha ziwa, si analia?"

"Analia sana. Boma zima halilali."

"Utampa ziwa?"

"Nikimpa nimeharibu. Anaachwa alie mpaka azoee."

"Basi na kaboni mpya ndivyo. Inalia mpaka ikae sawa na shaba. Haina njaa. Inazoea."

Mzee Machage akautazama ule ufito. "Kwa nini hukuniambia hivyo jana?" akauliza. Shamsia akakunja kitambaa chake chenye grisi.

Wakashuka. Mzee akatoa ufunguo mfukoni, Shamsia akafungua, swichi ikapanda, taa ya kijani ikawaka. Hakuna aliyeimba safari hii. Bi Agustina alikuwa ameshika shingo ya blauzi yake kwa mikono miwili. Konstantino akanong'ona kitu kwa Bikira Maria, akabonyeza.

Kiiiii!

Ililia, jamani, ililia kuliko jana! Na ikatembea. Kinu kikaondoka juu ya mashine ya kuchonga vyuma, kikaja, kikaja, kikapita pale pale kilipokwama bila hata kusita, kikafika mlangoni kwenye mwanga, kikateremka juu ya lori la watu wa Genkuru, lori likabonyea magurudumu likakipokea. Basi! Vigelegele vikapasua bati. Wanaume wakarukaruka kwa mtindo wa Kikurya, nyayo juu, vumbi mpaka darini, na wale walimu wawili waliokuwa wanapita tu wakawa katikati. Mtu wa chapati aliuza zote.

Bi Agustina alisubiri kelele zipungue. "Zibaki," akasema, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Waliokuwa karibu wanasema alikuwa analia, lakini mimi siwezi kuthibitisha na wewe usimuulize.

Mzee Faridu alikuja mpaka kwa binti yake. Akalitazama shavu lenye grisi. "Nimeliona kopo langu," akasema. "Lipo." Akamshika kichwa kwa kiganja kimoja, kwa muda mfupi, akarudi Bomani.

Kesho yake asubuhi Shamsia alifika mapema, akafungua kufuli lake. Punde winchi ikawa inafanya kazi na inalia, kiii, kiii, na Mzee Machage amesimama chini yake kando ya ukuta, kopo limeshikwa kwa mikono miwili, uso umejikunja. Alikuwa amekaza taya kama mtu anayeng'olewa jino.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Una kufuli lingine?"

"La nini?"

Akamnyooshea kopo. "Lifunge hili. Nimekuelewa, nimekuelewa vizuri kabisa. Lakini inalia, na mimi najijua."

Shamsia alinunua kufuli la pili Tarime, akalipaka rangi ile ile ya kucha, na Mzee Faridu akatoboa kifuniko cha kopo pamoja na sikio lake ili kufuli lipite. Kaboni zilikwisha nyamaza zamani, winchi inapita kimya kama paka. Kopo bado linafungwa kila jioni kwa kufuli jekundu, na kila asubuhi mzee anakuja kwa Shamsia kuomba ufunguo, na kabla hajapewa anasema anakwenda kupaka nini.